Asilimia 43 inapozaa 65: kura za mikoa na ugomvi wa kugawa viti

Mei 29, 2024, chama cha MK cha Jacob Zuma, ambacho hakikuwa na hata mwaka mmoja tangu kuanzishwa, kilipata asilimia 45 ya kura za mkoa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Hakuna aliyekikaribia. IFP, iliyoshika nafasi ya pili, ilikuwa na asilimia 18 tu. Zilipopita wiki mbili MK walikuwa wameketi upande wa upinzani, wakimwangalia Thami Ntuli wa IFP akichaguliwa kuwa waziri mkuu wa mkoa.

Miezi tisa baadaye, Februari 27, 2025, chama cha Progressive Conservative cha Doug Ford kilipata asilimia 43 ya kura za mkoa wa Ontario, Kanada. Ford akatoka na viti 80 kati ya 124, karibu asilimia 65 ya bunge zima, na serikali isiyohitaji hisani ya mtu yeyote.

Wa 45 kakosa serikali, wa 43 kaibeba yote. Pande zote mbili kura zilihesabiwa, masanduku hayakuibwa, na sheria ilifuatwa. Kilichotofautiana ni kile kinachofanyika baada ya kuhesabu, pale kura zinapogeuzwa kuwa viti. Hatua hiyo haionyeshwi kwenye televisheni usiku wa matokeo, na watu wengi hawajui kwamba iliwahi kuchaguliwa na mtu.

Tuelewane kwanza kwa maneno, maana hapa Kiswahili chenyewe kina mitego. Mtanzania akisikia “jimbo” anafikiria eneo linalomchagua mbunge mmoja, lile ambalo Mkenya analiita eneo bunge. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akisikia neno hilohilo anafikiria Kivu Kusini au Haut-Katanga nzima. Humu Ontario na KwaZulu-Natal nitaziita mikoa, ingawa kila mmoja una bunge lake, waziri mkuu wake na mamlaka ambayo mkoa wa Dodoma hauyaoti hata usingizini. Neno jimbo nitaliacha kwa eneo la uchaguzi. Ontario inatumia mfumo tuliouzoea kwetu: anayeongoza jimboni ndiye mbunge, hata akiongoza kwa kura moja, hata kama walio wengi hawakumtaka. KwaZulu-Natal inatumia uwakilishi wa uwiano, yaani viti vya chama vifuate kura zake.

Sasa chukua sinia na vikombe vitano. Tia humo maharage 100: mekundu 43, ya njano 30, meusi 27. Kila kikombe ni jimbo na kinachukua punje 20. Katika vikombe vitatu vya kwanza weka mekundu 9, njano 7, meusi 4. Cha nne kiwe na mekundu 8, njano 6, meusi 6. Kinachobaki mkononi ni mekundu 8, njano 3 na meusi 9, na hizo zinaingia kikombe cha tano. Haya, tangaza washindi. Mekundu yamechukua vikombe vinne kati ya vitano. Meusi, yaliyo machache kuliko yote, yana kimoja. Njano, ambayo ni karibu theluthi ya sinia nzima, haina kitu. Ukitaka rudia mchezo huo kwa kuhamisha punje chache tu kutoka kikombe hadi kikombe, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, na utapata bunge jingine kabisa.

Ndicho kilichotokea Ontario. Waliberali walipata takriban asilimia 30 ya kura na wakaambulia viti 14. Kiongozi wao, Bonnie Crombie, alishindwa hata katika jimbo lake mwenyewe kule Mississauga. Chama cha NDP kilipata asilimia 18 na ushei, kikachukua viti 27 na kuwa kambi rasmi ya upinzani. Kura za NDP zimerundikana mahali pachache, kama katikati ya Toronto, Hamilton na London (ile ya Ontario, si ya Uingereza), hivyo zinashinda pale zilipo. Za Waliberali zilinyesha kama rasharasha: kila shamba likalowa, hakuna lililojaa. Watu husema mfumo huu unampendelea mkubwa. Si kweli kabisa. Unampendelea aliyekusanyika pamoja, na mkubwa mara nyingi ana bahati ya kuwa hivyo. Kwa uwiano mtupu Ford angepata viti 53 hivi, Waliberali 37 na NDP 23, na kesho yake simu zingeanza kupigwa kutafuta mwenza.

Kanada ina ghala la matokeo ya namna hii. Mwaka 1987 Waliberali wa New Brunswick chini ya Frank McKenna walipata asilimia 60 ya kura, wakachukua viti vyote 58. Bunge halikuwa na mpinzani hata mmoja wa kuuliza swali. Quebec mwaka 1998, Waliberali wa Jean Charest walipata kura nyingi kuliko Parti Québécois ya Lucien Bouchard, lakini Bouchard ndiye aliyeunda serikali, kwa viti 76 dhidi ya 48. Mwaka 2022, hukohuko Quebec, Parti Québécois iliwazidi Waliberali kidogo kwa kura, vyama vyote viwili vikiwa kwenye asilimia 14. Waliberali walipata viti 21, wenzao vitatu. Chama cha Kihafidhina cha Quebec kilipata karibu asilimia 13 na hakikupata hata kiti kimoja.

Msomaji wa Zanzibar hahitaji mfano wa Kanada kulielewa hili. Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP wakaunda serikali kwa viti vyao 18. Uhuru ulikuja Desemba, mapinduzi Januari. Sababu za mapinduzi ni nyingi na wazee wanabishana juu yake hadi leo, lakini hesabu hiyo ya viti hutajwa kila mara wanapobishana. Kanuni ni ileile ya Kanada, na ilitoka kwa Mwingereza yuleyule.

Njia tatu za kutenda haki, na kila moja na bei yake

Uwiano si kitu kimoja. Wanasiasa huuzungumzia kana kwamba ni dawa ya chupa moja, nao wapinzani wake hupenda kuchagua chupa iliyo chungu zaidi kuwaonyesha watu.

Njia rahisi kuliko zote ni ya orodha, ndiyo ya mikoa ya Afrika Kusini. Mpiga kura anachagua chama, chama kina orodha ya majina, viti vinagawiwa kwa asilimia. MK walipata viti 37 kati ya 80 vya KwaZulu-Natal, ambavyo ni karibu kabisa na kura zao. Hata Mtanzania anaujua mgao huu bila kuuita uwiano: viti maalum vya wanawake hugawiwa kwa vyama kulingana na kura zao za ubunge, mradi chama kifikishe asilimia tano. Na katika Kongo wabunge wa mikoa wanachaguliwa kwa orodha za uwiano kila mahali penye kiti zaidi ya kimoja, ila kule mpiga kura anachagua pia jina ndani ya orodha.

Ubaya wa orodha iliyofungwa ni kwamba mwananchi hana mbunge wa kumgongea mlango. Anayepanga majina ni makao makuu ya chama, kwa hiyo mbunge anaogopa makao makuu kuliko anavyowaogopa wapiga kura. Waafrika Kusini wanalijua hilo. Tume iliyoongozwa na Frederik van Zyl Slabbert ilipendekeza mwaka 2003 kuwe na majimbo ya wabunge kadhaa ili kupunguza ugonjwa huo. Pendekezo likawekwa kabatini.

Njia ya pili ni mchanganyiko, kama New Zealand na Lesotho, na kama Ujerumani ilivyokuwa hadi uchaguzi wa 2021. Kwa kawaida unapiga kura mbili: ya mbunge wa jimbo na ya chama. Majimbo yanamaliza kazi yake kama kawaida, halafu vyama vilivyopunjwa vinafidiwa kutoka kwenye orodha hadi viti vifanane na kura. Mimi ningekuwa na sauti ningechukua hii, kwa sababu haimnyang'anyi mtu mbunge wake wa karibu.

Ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho, nayo ndiyo iliyokaribia kuingia British Columbia, mkoa mwingine wa Kanada, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Majimbo yanaunganishwa, tuseme manne kuwa moja lenye wabunge wanne. Mpiga kura haweki alama moja. Anaandika namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea hadi achoke. Tuseme kura ni 10,000. Kiwango cha kushinda kinakuwa 2,001, kwa sababu hakuna njia watu watano wote wafikie 2,001 ndani ya kura 10,000; wanne tu ndio wanaweza. Asha anapata namba moja 3,000. Kapita, na amebakiza ziada ya 999. Zisipotee. Karatasi zake zote 3,000 zinafunguliwa tena kuangaliwa namba mbili, na kila moja inahama ikiwa na thamani ya theluthi ya kura. Kama 2,000 kati yake zimemwandika Juma, Juma anaongezewa 666. Akikosekana aliyefikia kiwango, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa waliofuata. Hivyo hadi viti vyote vinne vijae. Chama chenye zaidi ya moja ya tano ya kura hakiwezi kukosa kiti, mradi wafuasi wake wawape wagombea wake namba za mwanzo, na bado kila mbunge amechaguliwa kwa jina lake.

Msomaji akihisi kichwa kinauma ajue kwamba watu wa miji ya Winnipeg, Calgary na Edmonton huko Kanada walipiga kura hivi kuwachagua wabunge wao wa mkoa tangu miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1950, bila kompyuta. Kazi ngumu ni ya mhesabuji. Mpiga kura anahitaji kujua kuhesabu hadi nne au tano tu.

Kisa cha 57 na 77

Mwaka 1996 Gordon Campbell wa Waliberali wa British Columbia alipata karibu asilimia 42 ya kura. NDP walipata 39. NDP wakaunda serikali, kwa viti 39 dhidi ya 33. Campbell akaumia, akaahidi kwamba siku akiingia madarakani ataupeleka mfumo huu kwa wananchi.

Akaingia mwaka 2001, na safari hii mfumo ukamkumbatia yeye: asilimia 57.6 ya kura, viti 77 kati ya 79. NDP wakabaki na viti viwili. Chama cha Kijani, chenye kura zaidi ya asilimia 12, hakikupata kitu. Wengi walidhani ahadi ingekufa hapo, kwa kuwa ni nani hubomoa ngazi aliyopandia? Campbell, kwa haki yake, aliitimiza. Mwaka 2004 likaundwa baraza la wananchi kwa bahati nasibu: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kila jimbo, pamoja na wenyeji wa asili wawili, jumla 160, na mwenyekiti. Walikuwa raia wa kawaida tu. Walikutana mwishoni mwa wiki, wakasomeshwa mifumo ya dunia, wakasikiliza maoni mkoa mzima, kisha wakapiga kura: 146 kwa 7, wakachagua ule mfumo wa namba nilioueleza juu.

Swali likapelekwa kwenye kura ya maoni Mei 2005. Serikali iliweka masharti mawili: ndiyo ifike asilimia 60 mkoa mzima, na ipate wingi katika asilimia 60 ya majimbo. Matokeo: ndiyo asilimia 57.7, na wingi katika majimbo 77 kati ya 79.

Rudi juu usome tena takwimu za 2001. Namba ni zilezile karibu kabisa. Asilimia 57 na majimbo 77 yalimpa Campbell mamlaka ambayo hakuna waziri mkuu wa mkoa huo aliyeyaota. Asilimia 57 na majimbo 77 yaleyale yakahesabiwa kuwa kushindwa. Nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki mezani na wakadhani natia chumvi.

Kura ilirudiwa 2009, ndiyo ikaanguka hadi 39. Ikarudiwa tena kwa njia ya posta mwaka 2018, ikapata 38.7. Wapinzani wa uwiano husema hiyo ndiyo sauti ya wananchi, na hoja yao si ya kupuuzwa: mara mbili mfululizo, watu sita kati ya kumi wamekataa. Lakini mwaka 2018 karatasi iliwataka watu wachague pia kati ya mifumo mitatu ya uwiano, miwili kati yake haijawahi kutumika popote duniani. Ukimwuliza mtu kama anataka kuhama nyumba yake aende kwenye moja ya nyumba tatu ambazo bado hazijachorwa ramani, atabaki alipo, hata kama paa linavuja.

Wenyewe wana mpini

Mambo hukwama kwa sababu moja ya msingi: mwenye uwezo wa kubadilisha kanuni ni yule ambaye kanuni imempa ushindi. François Legault, kiongozi wa chama cha CAQ, alitia saini makubaliano na vyama vingine vya Quebec mwaka 2018 kwamba ataleta uwiano. Akashinda mwaka huohuo, akaleta muswada 2019, na mwishoni mwa 2021 serikali yake ikauacha. Uchaguzi uliofuata ukampa viti 90 kati ya 125 kwa asilimia 41 ya kura. Justin Trudeau, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Kanada, aliahidi mwaka 2015 kwamba ule ungekuwa uchaguzi wa mwisho wa taifa kwa mfumo wa zamani. Februari 2017 akaiweka ahadi chini. Prince Edward Island, mkoa mdogo kuliko yote, ilifika mbali zaidi: mwaka 2016 mfumo wa mchanganyiko ulishinda kura ya maoni kwa asilimia 52. Serikali ikasema waliojitokeza, asilimia 36 na kitu, ni wachache mno. Wakarudia 2019, na hapana ikashinda kwa tofauti ndogo.

Wapo pia waliobadilisha kanuni ili kujilinda, na ikawatokea puani. Kabla ya uchaguzi wa 1952 Waliberali na Wahafidhina wa British Columbia, waliokuwa wakitawala pamoja na kuwaogopa wajamaa wa CCF, waliingiza kura ya namba katika majimbo. Walipiga hesabu kwamba wafuasi wao wangeandikiana namba mbili na kuwafungia nje wajamaa. Wapiga kura wakaandika namba mbili kwingine kabisa. Chama kilichokuwa pembeni, Social Credit, kikaibuka na viti 19, CCF 18, na wenye hila yao wakabaki na viti kumi kwa jumla. Mfumo ukatumika mara moja zaidi, 1953, kisha Social Credit ikaufuta na kutawala hadi 1972.

Hofu iliyo kubwa kwa wanaokataa uwiano ni ya chama kidogo kuwa mfalme. Na KwaZulu-Natal inawapa mfano wa kitabuni. Serikali ya Ntuli iliundwa na IFP yenye viti 15, ANC 14, DA 11 na NFP kimoja. Jumlisha: 41 kati ya 80. Ondoa kile kimoja cha NFP, inabaki 40 na serikali haipo. Mbunge mmoja alikuwa na thamani kuliko kundi zima la MK la watu 37. Mfuasi wa MK ana haki ya kuuliza huu ni uwiano gani. Jibu ni kwamba viti viligawiwa kwa haki, lakini uwiano haugawi madaraka, unagawa viti tu. Madaraka yanatafutwa baadaye kwa mazungumzo, na asilimia 55 waliopigia vyama vingine nao wana haki ya kukubaliana.

Hofu ya pili, ya umbali, naiona nzito zaidi. Kaskazini mwa British Columbia mbunge tayari anasafiri kwa ndege ndogo kuwafikia watu wake. Ukiunganisha majimbo mawili au matatu ya huko, unapata jimbo lenye ukubwa wa nchi, na mji mkubwa ndani yake utameza viti vyote. Watu wa vijijini walikuwa na sababu ya kusitasita, na wanaharakati wa mijini hawakuwajibu vizuri.

Ila hofu ya mfalme mdogo haiondoki kwa kukataa uwiano. Mwaka 2017, kwa mfumo uleule wa zamani, British Columbia ilipata Waliberali 43, NDP 41 na Kijani watatu, na hao watatu wakaamua nani atawale. Oktoba 2024 ikajirudia kwa sura nyingine. NDP ya David Eby ilihitaji viti 47 kati ya 93, nayo ilikuwa inategemea jimbo moja, Surrey-Guildford, ambako usiku wa kwanza Mhafidhina alikuwa mbele. Kura zilizobaki zikahesabiwa, mgombea wa NDP akapita. Zikahesabiwa tena mbele ya jaji, naye akathibitishwa kwa tofauti ya kura 22. Eby akapata 47 zake kwa asilimia 45 ya kura za mkoa. Akitoka Spika mmoja, ukumbini wanabaki 46 kwa 46, na kabla mwaka haujaisha NDP walikuwa wamekubaliana kushirikiana na Kijani, ambao kwa kura zaidi ya asilimia 8 walikuwa na viti viwili. Miongoni mwa mambo ambayo Kijani walidai yaandikwe kwenye makubaliano hayo ni kuutazama upya mfumo wa uchaguzi. Watu 12 tu wa Surrey-Guildford wangehamia upande wa pili, wale wabunge wawili wangekuwa wameshika uzito uleule wa kiti kimoja cha NFP kule KwaZulu-Natal.